Nipe Mji: Historia ya Kung'amua katika Pwani ya Waswahili

Katika nyumba za pwani ya Afrika Mashariki, kuanzia Lamu hadi Kilwa na kuvuka hadi visiwani, mazungumzo ya usiku yalifunguliwa kwa maneno mawili. Mmoja huita, "Kitendawili!" Waliomzunguka huitikia, "Tega!" Naye hutega: "Nyumba yangu haina mlango." Kimya huingia. Mmoja hubahatisha kaburi, mwingine chungu, wa tatu ngoma. Mtegaji hutikisa kichwa. Wakishindwa wote, hudai malipo yake: "Nipeni mji." Hupewa mji, tena mji wenye jina: Mombasa, Bagamoyo, Unguja au Maskati. Akishaupokea husimulia alivyofika huko, alivyolakiwa na kukirimiwa, na baada ya fahari hiyo ndipo hutamka jibu: yai. Kicheko huwatoka, na wengine hujipiga paji la uso, kwa sababu hakuna hata mmoja pale asiyelijua yai. Kila mmoja amelishika mkononi tangu utotoni, ila hajapata kuliona kuwa ni nyumba.

Muda ule mfupi ulio kati ya kimya na kicheko ndio ninaotaka kuutafutia historia. Waandishi wa Ulaya nao wameuhangaikia. James Joyce wa Dublin, mwanzoni mwa karne ya 20, alichukua neno la kanisa, epifania, jina la sikukuu ya tarehe 6 Januari ambayo Wakatoliki wa kwetu huiita Tokeo la Bwana, akalitumia kwa mwangaza unaomjia mtu ghafla kutoka katika neno la njiani au kitu cha kawaida. Na katika kitabu chake Dubliners cha 1914 hadithi kadhaa huishia pale pale, mhusika akiwa peke yake na jambo alilolitambua. Imezoeleka kudhani kwamba ndivyo ilivyo siku zote: kwamba kung'amua ni tukio la mtu mmoja, lisiloandaliwa wala kufundishika. Historia ya pwani inasema vingine. Huku kung'amua kulikuwa desturi. Kulikuwa na saa yake, kanuni zake, ada yake na walimu wake, na kulifanyika mbele za watu. Dai langu ni kwamba mwangaza huo, hata ule unaoonekana kumdondokea mtu kutoka mbinguni, huandaliwa na watu wanaomzunguka, na kwamba Waswahili waliujua ukweli huu zamani, wakaujengea mchezo, ushairi na hata vazi.

Shahidi wa kwanza ni lugha yenyewe. Tunafumba macho, tunafumba mdomo, tunafumba mkono; na kutokana na kitenzi hicho tumepata fumbo, yaani neno lililofumbwa kama kiganja. Anayelifumbua hafanyi ila kitendo kile kile kwa kukirudisha nyuma, kwa kiambishi kile kile kinachotupa fungua kutoka funga, zibua kutoka ziba, na kunjua kutoka kunja. Ndani ya maneno haya kuna fikra nzima kuhusu maarifa: mfumbuzi haleti kitu kipya kutoka nje, anafungua kiganja tu, na kilichomo kilikuwamo muda wote. Vivyo hivyo kitendawili hutegwa kama mtego na huteguliwa kama mtego. Kinachonaswa ni mazoea ya msikilizaji. Akisikia "nyumba" akili yake hukimbilia kuta, paa na mlango, na hasa mlango, kwa kuwa katika miji kama Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja mlango wa kuchonga ndio uliotangaza hadhi ya mwenye nyumba kabla hajaonekana uso. Nyumba isiyo na mlango haiingii akilini mwa mtu wa miji hiyo. Mtego umefyatuka. Kutegua ni kuliachia neno "nyumba" lirudi kwenye maana yake pana, mahali kiumbe anapokaa. Na mara yai, lenye kuta pande zote na mkaaji ambaye atabomoa ukuta siku ya kutoka, linakuwa nyumba kweli kweli. Hata maneno mengine tunayotumia kwa jambo hili yanashuhudia hivyo. Anayezinduka alikuwa amelala au amezimia, na fahamu ni kuelewa na pia ni ule uhai wa akili unaompotea mtu anapoanguka. Kuelewa ghafla, kwa Kiswahili, ni kurudiwa na kitu kilichokuwa chako.

Tazama tena majibu ya vitendawili. Kuku aliyetaga miibani ni nanasi. Aliyeingia shimoni uchi akatoka amevaa nguo ni mbegu. Anayekufuata kila uendako ni kivuli, na lile la "huku ng'o na huko ng'o" ni giza. Mtegaji anaweza kutumia picha za ajabu apendavyo, lakini jibu lazima liwe kitu ambacho kila msikilizaji anacho uani au jikoni au mwilini mwake. Kanuni hii haikuandikwa popote, lakini ilishikwa kwa ukali: kitendawili ambacho jibu lake halijulikani na watu si kigumu, ni kibovu. Ndiyo maana vitendawili vimekuwa kumbukumbu nzuri ya yale yaliyogeuka kuwa mambo ya kawaida pwani. Nanasi asili yake ni Amerika ya Kusini, na jina lake kwetu limepitia kwa Wareno, ambao meli zao zilifika Mombasa na Malindi mwaka 1498. Kwa hiyo kitendawili cha kuku wa miibani hakiwezi kuwa cha kale kuliko ujio wao. Kilitungwa baada ya tunda la kigeni kuzoeleka vya kutosha watu waanze kulisahau, maana kitu hakitegwi mpaka kisahaulike machoni. Edward Steere, mmisionari Mwingereza aliyefika Unguja mwaka 1864 na baadaye akawa askofu, alipochapisha Swahili Tales mjini London mwaka 1870 aliweka vitendawili pamoja na hadithi alizosimuliwa na watu wa Unguja. Alifanya vyema kuviweka pamoja, kwa sababu kimoja ni ufunguo wa kingine, kama inavyoonekana katika kisa cha Liongo, kilichomo katika kitabu hicho hicho.

Kisa cha Fumo Liongo, shujaa na mshairi wa pwani ya kaskazini, karibu na mdomo wa mto Tana, ndicho maelezo makuu ya Waswahili kuhusu namna mtu anavyong'amua. Liongo amefungwa pingu, walinzi wako mlangoni, na kila siku mama yake humpelekea chakula kwa mkono wa kijakazi aitwaye Saada. Kila siku walinzi humpokonya kijakazi chakula kizuri, wakala wao. Siku moja Liongo anamtuma Saada kwa mama yake, na ujumbe wake anauimba. Walinzi wanausikia, maneno yote yanapita masikioni mwao, nao hawaoni kitu. Mama anapoletewa maneno hayo anaelewa papo hapo: anaoka mikate mizuri ya kuwapumbaza walinzi, na mkate mmoja wa wishwa, wa makapi, na ndani ya huo wa makapi anaficha tupa. Walinzi wanachukua mikate mizuri. Mkate wa wishwa wanaudharau, wanamwachia mfungwa, na mfungwa anaumega. Kisha Liongo anaomba apigiwe ngoma na vyombo vya gungu, na katika kelele za sherehe anakata pingu zake kwa tupa. Mwaka 1913 Muhamadi Kijuma wa Lamu alikitungia kisa hiki utenzi, na mpaka leo watu huonyeshwa kaburi la Liongo upande wa Kipini.

Mkate ule unastahili kuangaliwa kwa makini. Nje ni makapi, ndani ni chuma. Walinzi wanashindwa mara mbili kwa kosa moja: wimbo wanauona ni wimbo tu, na makapi wanayaona ni makapi tu. Hawakukosa akili, na wala Kiswahili hakikuwapiga chenga. Walichokosa ni uhusiano. Mama amemlea huyu aliyefungwa, anajua namna yake ya kusema, anajua kwamba mwanawe hangepoteza pumzi kuzungumzia wishwa pasipo sababu. Miaka yote ya kuishi pamoja ndiyo iliyofanya kazi katika dakika moja. Mtu akiitazama dakika hiyo peke yake ataiita muujiza au werevu wa kipekee. Akitazama yaliyotangulia, ataona kwamba mama alikuwa akijiandaa kulielewa fumbo hilo tangu siku alipomzaa Liongo.

Kama hivi ndivyo, basi fumbo lililopoteza watu wake linapaswa kufungika, hata maneno yake yakihifadhiwa yote. Ushahidi wa jambo hili tunao katika mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi takriban kati ya 1776 na 1840. Zama zake Mombasa ilikuwa chini ya watawala wa ukoo wa Mazrui, nao walikuwa wakipambana na Seyyid Said wa Oman na Unguja mpaka walipoangushwa mwaka 1837. Muyaka aliutoa ushairi kwenye dini na mambo makuu akauleta barazani na sokoni. Alitunga juu ya vita, deni, mapenzi, nyumba inayovuja na rafiki asiyeaminika, na mengi ya haya aliyafumba. Wakati huo watu wa Mombasa walihitaji kusikia mara moja tu, kwa kuwa waliwajua wanaosemwa na waliyajua yaliyotokea juzi. Nusu karne baadaye, William Taylor, mmisionari aliyekaa Mombasa, alipokusanya mashairi hayo, maneno peke yake hayakumtosha. Alimhitaji Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mzee wa Mombasa aliyejua mashairi na pia sababu za mashairi. Bila kumbukumbu za Mwalimu Sikujua, diwani iliyokuja kuhaririwa na William Hichens na kuchapishwa Johannesburg mwaka 1940, na baadaye utafiti wa Mohamed Abdulaziz uliotoka mwaka 1979, vingekuwa na beti nyingi ambazo mizani yake inahesabika na vina vyake vinalingana lakini hakuna anayejua zinamsema nani. Beti ile ile iliyomfanya mvuvi wa Mombasa agutuke na kucheka mwaka 1830 leo inahitaji ukurasa wa maelezo. Shairi halikubadilika, baraza ndilo lililovunjika.

Hapa msomaji makini atanipinga, na pingamizi lake la kwanza ni zito. Atasema kwamba nimechagua mifano ya michezo na ujumbe wa siri, ambayo kwa asili inahitaji watu wawili, nikayaacha matukio makubwa ya ugunduzi ambayo humfikia mtu mmoja. Atataja kisa cha Henri Poincaré, mwanahisabati wa Ufaransa, aliyeeleza jinsi suluhisho alilolitafuta lilivyomjia ghafla mguu wake ulipokuwa ukikanyaga ngazi ya gari la abiria mjini Coutances, wakati mawazo yake yalikuwa mbali kabisa na hisabati. Hapo baraza liko wapi? Lakini Poincaré mwenyewe, katika maelezo hayo hayo aliyoyatoa mwaka 1908, alisisitiza kwamba kabla ya safari hiyo alikuwa ameshindana na swali hilo kwa siku 15, akikaa mezani kila siku, na kwamba mwangaza wa ghafla hauji ila baada ya kazi ya namna hiyo. Mwaka 1926 Mwingereza Graham Wallas aliligawa jambo hili katika hatua nne: matayarisho, kuatamia, mwangaza na uhakiki. Anayeujua mchezo wa kitendawili atazitambua hatua hizo bila shida: mtego, kimya, jibu, na ule wasaa wa kulipima jibu kama kweli linafaa. Isitoshe, swali la Poincaré halikuwa lake peke yake. Lilitegwa na wanahisabati waliomtangulia, kwa lugha aliyofundishwa na walimu wake. Alikuwa peke yake ngazini. Ndani ya swali hakuwa peke yake.

Kuna watakaosema, kwa njia ya heshima zaidi, kwamba washairi wetu wenyewe hawakuihesabu ilhamu kuwa kazi ya jamii. Waliihesabu kuwa kipawa cha Mwenyezi Mungu. Ni kweli, na tenzi za zamani zinaanza kwa kumtaja Yeye. Lakini angalia kinachofuata mara nyingi baada ya dua hiyo: mshairi anaagiza karatasi, wino na kalamu. Anaomba kufunuliwa huku akitengeneza mahali pa kufunuliwa. Hakuna mgongano kati ya mambo hayo mawili, kama vile mkulima anayeomba mvua haoni kwamba dua yake inamkataza kulima kabla ya masika. Mwenye kuamini kwamba mwangaza hutoka juu bado ana sababu ya kuuliza kwa nini humwangukia aliyekwisha kufungua macho.

Pingamizi la pili linagusa kitendawili chenyewe. Vitendawili, atasema mtu, hukaririwa. Mtoto akishasikia kwamba nyumba isiyo na mlango ni yai, mara ya pili anajibu kwa kumbukumbu, hang'amui kitu. Basi desturi hii ilifundisha kukariri. Ukweli wa jambo hili siukatai, lakini unaishia katikati. Kila kitendawili kina mara yake ya kwanza kwa kila mtu, na palipokuwa na watoto wa rika mbalimbali, kila usiku alikuwapo mmoja ambaye kwake ilikuwa mara ya kwanza. Wengine wanaojua hawakuondolewa. Walikaa wakamtazama akihangaika, wakauona kwa nje ule mwendo wa akili ambao wao waliupitia jana. Kumtazama mwenzio anavyozinduka ni elimu ya pili, tena ngumu kuipata kwa njia nyingine. Na yule aliyevikariri 50 hakubaki na majibu 50 tu, alibaki na mazoea ya kukigeuza kitu upande wa pili. Ushahidi wa mazoea hayo ni kwamba watu waliendelea kutunga vipya; nanasi lilipofika, walikuwapo waliokwisha kujua kuona kuku ndani yake.

Lipo pingamizi la tatu, nalo ndilo linalouma zaidi. Fumbo hutenga. Methali inakiri bila haya: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataling'amua. Ikiwa kuelewa kunategemea kuwa mmoja wa watu fulani, basi kila mwangaza una kivuli chake, yaani wale walioachwa nje, na sanaa ya mafumbo imetumiwa kweli kwa vijembe, kwa kuumiza na kwa kudhalilisha mbele za watu. Siwezi kulifuta lawama hili. Ninachoweza ni kuuliza nani, katika historia, alilihitaji fumbo zaidi. Jibu halimwelekei mwenye nguvu, kwa kuwa mwenye nguvu husema wazi na hakuna wa kumfanya kitu. Lilihitajiwa na mfungwa na kijakazi Saada. Lilihitajiwa na wanawake wa Unguja ambao, baada ya utumwa kufutwa kisheria mwaka 1897, waliiweka kando kaniki waliyovishwa na mabwana na kujitanda kanga. Lilihitajiwa na Siti binti Saad, binti wa familia maskini aliyetoka shamba akaingia mjini, ambaye sauti yake ilirekodiwa Bombay mwaka 1928, na ambaye nyimbo zake zilipeleka kwa mafumbo habari za wakubwa na mahakama zao hadi masikioni mwa watu wasiosoma gazeti. Kwa watu hawa fumbo lilikuwa mlango ambao mwenye nyumba hakuujua.

Kanga inastahili neno zaidi, kwa sababu ndiyo iliyoingiza kung'amua katika maisha ya kila siku kuliko kitu kingine chochote. Vazi hili lilienea Unguja na Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, likitokana na leso za dukani zilizoshonwa pamoja. Na desturi ya kuliandika jina, yaani ule usemi wa chini, kwanza kwa herufi za Kiarabu na baadaye za Kilatini, inahusishwa sana na duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanzishwa Mombasa mwaka 1887 na kujulikana kwa kanga za Mali ya Abdulla. Mwanamke anatoka kwenda kisimani. Hasemi neno. Jirani anamtazama akipita, anasoma maandishi yanayocheza kwa mwendo wa nyonga, na hatua tatu baadaye anasimama: kumbe ni mimi ninayeambiwa. Au anatabasamu, maana leo ameombwa radhi. Maneno ya kanga yalichapwa kiwandani kwa maelfu, wala hayakumjua yeyote. Yanakuwa ujumbe kwa sababu wawili hawa wana historia yao. Na sehemu ya katikati ya kanga, ile iliyozungukwa na pindo, mafundi na wauzaji huiita mji. Sidai kwamba jina hilo limetokana na mji wa kitendawili. Nasema tu kwamba neno moja limekaa mahali pawili, na kote kuwili maana inapatikana kwa kupita mjini kwanza.

Kitabu kilipokuja, baraza liligeuka kuwa msomaji mmoja na taa yake, na ingedhaniwa kwamba desturi hii ingekufa hapo. Haikufa, ilihamia. Shaaban Robert, aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka 1909 na ambaye ndiye aliyeandika wasifu wa Siti, alitoa Kusadikika mwaka 1951, Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza. Kusadikika ni nchi iliyo angani, isiyoonekana ila kwa kusadiki. Mwenye kushtaki huko anaitwa Majivuno, mshtakiwa anaitwa Karama, na kosa la Karama ni kutaka watu wafundishwe sheria. Msomaji anaanza kwa kuifuata safari ya wajumbe sita kama hadithi ya watoto. Mahali fulani, na si mahali pamoja kwa kila mtu, kitabu kinamshuka mkononi. Nchi iliyo angani iko chini ya miguu yake. Mwandishi hakusema hivyo popote, na kama angesema, kitabu kisingepita. Ni kitendawili cha kurasa nzima, na jibu lake, kama kanuni ya zamani inavyotaka, ni kitu ambacho msomaji anacho nyumbani. Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe, katika Nagona ya 1990 na Mzingile ya 1991, alikwenda mbali zaidi: aliwatega wasomaji vitabu ambavyo havina jibu moja la kutoa mwishoni, akiwalazimisha kukaa katika kimya kile cha katikati kwa muda mrefu kuliko walivyozoea. Wengi wamelalamika kwamba haeleweki. Ila wanaovisoma vitabu hivyo kwa pamoja, wakibishana darasani au barazani, hutoka na kitu. Na hilo linaunga mkono dai langu kuliko ninavyoweza kulitetea mwenyewe.

Lililobaki ni swali la leo, na hapa nina wasiwasi wa kweli. Kitendawili hakijapotea, kimo katika vitabu vya fasihi simulizi na katika mitihani ya Kenya na Tanzania. Mwanafunzi huandikiwa, "Tegua vitendawili vifuatavyo," naye huandika yai, nanasi, kivuli, akapewa alama. Shule imefanya jema kuvihifadhi, lakini imehifadhi mtego na jibu, ikaacha vilivyo katikati. Hakuna kimya, kwa kuwa muda wa mtihani unakwenda. Hakuna mji, kwa kuwa asiyejua hutiwa mkasi mwekundu na habari yake huishia hapo. Na mji ndio uliokuwa moyo wa desturi. Kwa kudai mji, wazee walikubali kwamba kutojua ni hali ya kawaida ya mtu, na wakaipa njia ya kutokea yenye heshima. Aliyeshindwa hakufukuzwa wala hakuchekwa kabla ya kujua. Aliombwa atoe kitu kikubwa, akatoa, akasikiliza sifa za mtegaji kwa uvumilivu, ndipo akaambiwa. Ule muda wa kusubiri haukuwa adhabu. Ulimwacha aendelee kulizungusha swali kichwani mpaka jibu limkute bado analitafuta, na jibu linalomkuta mtu akilitafuta humwingia kwa namna ambayo jibu la bure haliwezi.

Ndiyo maana nasema kung'amua kunaweza kutunzwa au kuachwa kufe, kama desturi nyingine yoyote. Hakuna mwalimu anayeweza kumng'amulia mtoto, lakini anaweza kumtegea kwa kitu anachokijua, akanyamaza, akamwachia muda, na akishindwa akamdai mji badala ya kumtoza alama. Kwa hesabu ya mchezo, mshindi ni mtegaji aliyepata Mombasa yote na sifa zake. Lakini mtegaji alilijua jibu tangu mwanzo, na mji wake unamtoka alfajiri. Aliyeshindwa ndiye anayekwenda kulala na kitu kipya. Kesho asubuhi mama yake atamtuma bandani, atainama, ataliokota yai lililo bado na joto, na kabla ya kuliweka kikapuni ataligeuza geuza mkononi, akitafuta mlango.